Maisha ya Esnath Mwandemele, Yaliyoandikwa na Mdogo Wake Mwenye Wivu

Marehemu Esnath Ambindwile Mwandemele alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji chetu hiki cha hapa Suma, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ambindwile Mwandemele na mkewe Tamali, ambao wote wametangulia. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mvua ilikatika tangu asubuhi hadi jioni, katikati ya mwezi Machi, jambo ambalo mtu wa Rungwe hawezi kuliamini mpaka aapiwe. Basi watu wakaanza kumsifu mtoto hata kabla hajafumbua macho. Mdogo wake, Tupokigwe, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea, alizaliwa mwaka 1964 kwenye mvua, na tarehe yake ilibidi ikisiwe. Watoto wengine wa mzee hawakukua. Walibaki hao wawili, na kwa hiyo yeyote aliyependa kulinganisha hakupata taabu.

Familia ilimwomba Tupokigwe aandike kwa heshima na kwa ukweli, kwa kuwa ni ndugu pekee wa tumbo moja na ni mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili. Heshima ameijaribu. Kuhusu ukweli, mtavumilia.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Alikuwa wa kati darasani, na Tupokigwe anaomba hilo liandikwe, kwa sababu yeye alikuwa wa tatu na hakuna mtu aliyewahi kulitaja mahali popote. Kilichotajwa ni kwamba Esnath aliwagawia wenzake ndizi zake za kuchoma. Kilichotajwa ni kwamba Esnath alimbeba mgongoni msichana mmoja aliyeumia mguu, mvua ikinyesha, hadi kwao ng'ambo ya mto. Mama naye akawa na wimbo wake mmoja: "Gwe Tupoki, mwangalie dada yako. Chanda chema huvikwa pete." Tupokigwe alimwangalia. Kwa miaka hamsini na kitu hakuacha kumwangalia.

Alibatizwa akiwa mchanga na akapata kipaimara mwaka 1977. Mwaka uliofuata alichukua mafunzo ya ushonaji mjini Tukuyu kwa miezi tisa, akarudi na cherehani ya mkono na tabia ya kusali akiwa amefumba jicho moja tu, maana alisema lingine ni la kuangalia sindano. Mwaka 1979 alianza kufundisha shule ya Jumapili, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne mfululizo. Wengi wenu mliokaa hapa mkiwa na mvi mlifundishwa naye. Hakujua kuimba. Hilo nalo liandikwe. Aliwafundisha nyimbo zote kwa sauti moja, na mwanakwaya yeyote wa hapa anayeanza juu kuliko wenzake alipitia mikononi mwake.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Lazaro Mwakibete. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nelson, Jenifer na Emmanuel. Walilima migomba, maharage na robo tatu ya eka ya chai, wakafuga ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekuwa mkorofi kupita kiasi. Ndugu Lazaro alifariki mwaka 2009 kwa ajali ya gari akitoka Kinyala. Marehemu hakukufuru wala hakukata tamaa. Alilia siku saba, siku ya nane akaenda kuchuma chai. Wanawake wa kanisa walisema, "Huyo ni mtakatifu kabisa." Tupokigwe, aliyekuwa amefunga kula na kunywa siku tatu kwa ajili ya msiba huo wa shemeji yake, hakusikia mtu akisema lolote juu yake.

Wapendwa, maandiko yanatuagiza tuutafute utakatifu. Tupokigwe aliutafuta. Aliutafuta namna mtu anavyotafuta kiti kwenye sherehe, akimtazama aliyekwisha kukaa. Dada yake akifunga Ijumaa, yeye alifunga Jumatano na Ijumaa. Aliisoma Biblia kutoka jalada hadi jalada mara nne, na kila alipomaliza aliwatangazia kina mama kwenye kikundi. Esnath alikaa na waraka mmoja tu kwa mwaka mzima. Alipoulizwa kwa nini hasogei mbele, alijibu kwamba bado hajaweza kuitenda sura ya kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tupokigwe alijitembeza sana miaka hiyo, na aliijua methali hiyo vizuri kabisa.

Siku moja wakichuma chai pamoja, mwaka 2011, alishindwa kuvumilia.

"Dada," alisema, "wewe unafanyaje?"

"Nafanyaje nini?"

"Huo utakatifu."

Esnath alicheka mpaka kikapu kikamtoka mgongoni, majani yakamwagika kwenye matope. "Mwe! Gwe Tupoki! Mimi naamka nina hasira na ng'ombe. Nikimaliza ng'ombe, nina hasira na jirani na kuku wake. Namwomba Mungu anishikilie mpaka saa nne tu. Ikifika saa nne naomba tena, anifikishe saa saba."

"Basi?"

"Basi. Nisaidie kuokota majani."

Tupokigwe aliokota majani akiwa amekasirika. Aliamini dada yake anamficha siri, kama mpishi anayekutajia viungo vyote isipokuwa kimoja. Leo anajua kwamba aliambiwa yote.

Hapa ndipo wasifu unapofika mahali ambapo jana, Emmanuel akiuchapa mjini, aliacha kuchapa na kupiga simu. "Mama mdogo, na hii nayo niiandike?" Akaambiwa, "Iandike, mwanangu. Usiruke hata mstari." Na huyu mzee Fikirini mnayemwona pale mlangoni mwa kanisa, upande wa migomba, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, ambaye ndiye aliyetushonea kanzu za kwaya, ametoa ruhusa kwa kinywa chake kwamba habari za nyumba yake zisemwe.

Mwaka 2013 kanisa letu lilitakiwa kuchagua mzee mmoja mwanamke kwa upande huu wa kijiji. Majina yalipendekezwa mawili, ya ndugu wawili. Kila mtu alijua nani angepita. Alhamisi tarehe 20 Juni mwaka huo Tupokigwe alikwenda Tukuyu kununua mbolea, na akipita Bagamoyo alimwona dada yake akitoka uani kwa Fikirini. Alikuwa na chupa mkononi, na ndani yake maji ya njano. Mnajua wenyewe yanayosemwa huku kwetu juu ya watu waliotoka pwani. Mkristo akionekana anatoka kwenye nyumba zao na maji ya njano kwenye chupa, hakuna anayeuliza. Kila mtu anasema ni kombe, maji ya dawa ya mganga. Tupokigwe naye hakuuliza. Angeweza kuvuka barabara na kusema, "Dada, umebeba nini?" Barabara yenyewe ina hatua sita. Alijificha nyuma ya duka la vyombo mpaka Esnath akapita, na moyo wake, mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili, ulifurahi.

Jumapili alimwendea Mzee Ackson, aliyekuwa katibu wa baraza la wazee, na kumwambia maneno haya: "Mimi sisemi kitu, mzee. Mimi nimeona tu."

Marehemu aliitwa barazani. Tupokigwe alikaa karibu na mlango, kama ndugu aliyekuja kumtia moyo.

"Mama Nelson, ulikwenda kwa Fikirini?"

"Nilikwenda."

"Mara moja?"

"Kila Alhamisi."

Wazee wakatazamana. "Kufanya nini?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

"Na kwenye chupa kulikuwa na nini?"

"Juisi ya pesheni."

Mzee mmoja alicheka kwa sauti. Wengine wakainamisha vichwa ili wasicheke. Tupokigwe alimtazama dada yake usoni akingoja ajitetee, alie, ataje jina la mtu, afanye chochote ambacho mtu wa kawaida angefanya. Esnath aliuliza tu kama wamemaliza, kwa sababu ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.

Jumapili tarehe 1 Septemba 2013 jina lake lilisomwa kanisani na akatengwa kwenye Meza ya Bwana kwa miezi sita. Akaondolewa shule ya Jumapili. Akakaa benchi la mwisho karibu na ndoo za kunawia, na hakukosa ibada hata moja. Wiki mbili baadaye Tupokigwe alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Na tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo Jenifer aliolewa. Kwa utaratibu wetu, mzazi aliyetengwa hasimami mbele. Kwa hiyo aliyemsindikiza bibi harusi hadi madhabahuni alikuwa mama mdogo, akiwa amevaa kitenge alichokishona Esnath kwa ajili yake mwenyewe, miezi mitatu kabla, kwa siku hiyo. Marehemu ndiye aliyekileta. Alisema, "Kivae wewe, kisiharibike." Kilimbana Tupokigwe mabegani. Picha zipo. Kila nyumba ya ukoo huu ina picha ya Tupokigwe akitabasamu mahali pa mama wa mtoto, na ukitazama sana, nyuma kabisa, utaona nusu ya kilemba cha Esnath.

Miezi sita ilipokwisha, Jumapili tarehe 2 Machi 2014, alirudi kundini. Alitakiwa akiri kwamba alikwenda kwa mganga. Alisimama akasema, "Mimi ni mwenye dhambi. Naomba mnipokee." Kanisa likalipokea neno hilo, kwa maana halikuwa uongo, na hakuna aliyemlazimisha aongeze lingine.

Mwezi Juni mwaka huo Fikirini alifika hapa kijijini pamoja na binti yake, Suad. Mkewe, Mwanajuma, alikuwa amefariki mwezi Aprili na arobaini ilikuwa imepita. Tupokigwe alikuwapo jikoni kwa dada yake, akimenya ndizi. Fikirini alikaa, akasema na huyo aliyekuwa akimenya ndizi, akidhani anampa habari njema.

"Mama, dada yako huyu alimwosha mke wangu kidonda kila Alhamisi, miezi kumi na mmoja. Kansa ya titi. Mwanajuma hakutaka mtu ajue, hata dada zangu. Nao walipokuja kujua, walishindwa na harufu. Huyu alikuwa anakuja na chupa ya maziwa, anamwosha, anamnywesha, anaondoka."

"Na Mama alikuwa hakubali chupa irudi tupu," Suad alisema. "Alikuwa ananiambia, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikamue pesheni nimjazie."

Esnath alikuwa akimimina chai. Hakumtazama mdogo wake. Wageni walipoondoka Tupokigwe alibaki ameshika kisu, na dada yake akamwambia, "Chai yako inapoa."

Ninyi mnaosikia mtadhani kwamba hapo alitubu. Hakutubu. Jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa wivu, mkali kuliko wote wa tangu utotoni. Alijiona ameshindwa tena, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyemwekea dada yake ngazi. Angekuwa Tupokigwe aliyeonewa hivyo, wilaya nzima ingejua, kuanzia Kinyala hadi Kiwira. Esnath alionewa akakaa kimya ili mwanamke wa watu afe na heshima yake. Tupokigwe alikunywa chai ile, akaenda nyumbani, na Jumapili akakusanya sadaka mbele ya kanisa kama kawaida. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka alisema atalisema mwaka ujao, na kila mwaka kiti cha uzee kilizidi kumkaa vizuri.

Marehemu hakuwahi kuuliza ni nani aliyempeleka barazani. Alirudishwa kufundisha watoto mwaka 2015, akaendelea mpaka miguu ilipomkatalia. Ndugu zangu, mdogo wake hajui kama alijua. Amezipitia siku zote hizo moja moja, kila salamu, kila bakuli la maharage lililovuka uwanja, akitafuta dalili. Esnath alimpenda sawasawa kabla na baada, na huko ndiko kulikomtesa, kwa sababu mtu hawezi kusoma chochote kwenye uso usiobadilika.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2019. Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 alianguka akiwa anakata majani ya ng'ombe, akapelekwa hospitali, ikaonekana amepata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakakatika. Aliuguzwa na watoto wake na mdogo wake kwa zamu. Siku ya nne Tupokigwe alimwinamia akasema, "Dada, ni mimi niliyekwenda kwa Mzee Ackson. Ni mimi." Esnath alimtazama kwa muda, kisha akafumba macho. Mwandishi angependa sana kuwasomea kwamba alimshika mkono. Hakumshika. Mkono wa kulia ulikuwa hauna nguvu na wa kushoto ulikuwa na dripu. Kama alisikia, Mungu anajua. Alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Jumatano Tupokigwe alimpelekea mchungaji barua ya kujiuzulu uzee wa kanisa na kuomba atengwe. Mchungaji aliisoma mara mbili.

"Mama, kwa nini usingeniambia tu tukayamaliza hapa hapa ofisini? Msiba una watu wengi."

"Mchungaji, dada yangu hakutengwa ofisini."

Kwa hiyo mmesikia, na jina la marehemu limesafishwa palepale lilipochafuliwa, mbele ya watu walewale. Marehemu hakwenda kwa mganga. Alikwenda kumwosha mgonjwa. Tupokigwe hasemi haya ili asifiwe kwa kutubu. Anajijua: hata jana akiandika, kuna sauti ndani yake ilimwambia kwamba toba hii itapendeza, kwamba watu watasema, "Hata huyu mdogo mtu naye amekomaa kiroho." Aliifuta aya nzima akaandika upya kwa sababu hiyo. Wivu haujaisha. Leo hii anamwonea dada yake wivu kwa umati huu uliojaa hadi barabarani, anamwonea wivu kwa kulala bila neno la kuficha, na zaidi ya yote anamwonea Mungu wivu, aliyempata Esnath peke yake kabla mdogo wake hajapata jibu. Anaomba ashikiliwe mpaka jioni. Kesho ataomba tena.

Marehemu ameacha watoto watatu: Nelson, Jenifer na Emmanuel, wakwe watatu, wajukuu saba, na watoto wa shule ya Jumapili ambao hawana idadi. Ameacha marafiki wa Bagamoyo, Mzee Fikirini na Suad. Ameacha mdogo wake, Tupokigwe.

Jina hilo la mwisho mwandishi hakuliweka. Aliona halistahili kuwa kwenye orodha hii. Rasimu ilipopelekwa nyumbani jana mchana, Jenifer, ambaye tangu alipoisoma hajasema na mama yake mdogo hata neno moja, na ana haki, aliomba kalamu. Emmanuel anasema alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaliandika jina hilo chini ya mengine, akaondoka kwenda kupika.

Dada Esnath, pumzika. Amani unayo tayari. Sisi ndio tunaoitafuta.